AOA, chama cha madaktari wa osteopathia Marekani: kinapowafaa watu wa Kisumu na Nakuru, na pale kisipowafaa

Kambi ya matibabu inapoandaliwa huku magharibi mwa Kenya, kwenye orodha ya madaktari wageni huenda ukakuta majina mawili matatu yanayofuatwa na herufi DO, za shahada ya osteopathia (udaktari unaofundisha pia kutibu misuli na viungo kwa mikono), badala ya MD za shahada ya kawaida. Karani anayeandaa faili zao husita. Huyu ni daktari kamili, ni mnyoosha viungo, au ni nani hasa? Mara nyingi jibu linalokuja ni karatasi yenye nembo ya American Osteopathic Association, yaani AOA, na maneno kwamba kila kitu kiko sawa.

Tathmini hii ni ya chama hicho na huduma zake, kwa mtazamo wa mtu aliye upande wa kupokea karatasi: hospitali ya misheni, hospitali ya kaunti, kliniki ya fiziotherapi, na mgonjwa mwenyewe. Uamuzi wetu tunautoa mapema. Ukitaka kuhakikisha elimu na ubingwa wa daktari wa DO, AOA inategemewa. Ukitaka kujua kama leseni yake iko hai na kama amewahi kuadhibiwa, AOA ni mlango wa kwanza tu. Na mgonjwa wa Kondele au wa Section 58 aliyeona neno "osteopathia" kwenye bango la kliniki, chama hiki hakimfai kwa lolote. Wa kuulizwa ni Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno nchini, KMPDC.

Chama kina umri mkubwa. Andrew Taylor Still, daktari wa Missouri, alianza kuitangaza osteopathia mwaka 1874, na mwaka 1892 akafungua shule mjini Kirksville. Chama kilianzishwa huko huko mwaka 1897, kikachukua jina la sasa mwaka 1901, na leo makao yake yako Chicago. Kwa miaka mingi kazi yake kubwa ilikuwa kupigania haki ya wanachama kufanya kazi. Jeshi la Marekani lilikubali kuwapokea kama madaktari mwaka 1966. Jimbo la mwisho kuwapa leseni kamili, Mississippi, lilifanya hivyo mwaka 1973. Huko California mambo yalikuwa machungu zaidi: mwaka 1962 chama cha jimbo kiliungana na cha madaktari wa MD, daktari wa DO akilipa dola 65 anapewa shahada ya MD, na jimbo likaacha kutoa leseni mpya kwa wa DO hadi Mahakama ya Juu ya jimbo ilipozirudisha mwaka 1974. Anayejua hayo haoni ajabu AOA inavyozilinda herufi zake mbili kwa ukali.

Kwa hiyo swali la karani lina jibu fupi. DO wa Marekani ni daktari kamili. Husoma chuo cha udaktari miaka minne, hufanya mafunzo ya ubingwa hospitalini, huandika dawa na kupasua wagonjwa katika majimbo yote 50. Kinachomtofautisha na mwenzake wa MD ni saa zipatazo 200 za ziada za kujifunza kuchunguza na kutibu misuli na viungo kwa mikono. Zaidi ya robo ya wanafunzi wa udaktari Marekani sasa wako kwenye vyuo vya aina hii, na tangu Juni 2020 mafunzo ya ubingwa ya DO na MD yako chini ya msimamizi mmoja, ACGME. Wengi wao wakishahitimu hawagusi tena mgongo wa mtu. Ni madaktari wa watoto, wa dharura, wa familia, kama wengine.

Huduma yenyewe

Kazi nzito ya AOA ni mbili: ithibati ya vyuo na vyeti vya ubingwa. Vyuo hukaguliwa na tume yake, COCA, inayotambuliwa na Idara ya Elimu ya Marekani. Ubingwa hutolewa na bodi za mitihani zilizo chini ya chama, kuanzia tiba ya familia hadi upasuaji. Mtihani wa kupata leseni ya udaktari kwa wa DO, COMLEX, si wa AOA; ni wa taasisi nyingine, NBOME. Ukiomba matokeo ya COMLEX kutoka Chicago utajibiwa kwa upole kwamba umekosea njia, na siku zimepotea.

Kwa hospitali, bidhaa ya kununua ni ripoti rasmi ya wasifu wa daktari. Huagizwa mtandaoni kwa malipo, moja kwa moja na hospitali, si na daktari. Inaonyesha chuo na mwaka wa kuhitimu, mafunzo yaliyofuata, vyeti vya ubingwa alivyopata kwa bodi za AOA, pamoja na taarifa za leseni. Uzito wake ni kwamba hospitali za Marekani huikubali kama ushahidi kutoka kwenye chanzo cha elimu na ubingwa, kwa hiyo huhitaji kuandikia chuo barua na kungoja. Kwa hospitali ya Kakamega au Kisii isiyo na mtu wa kufuatilia barua za ng'ambo, hilo pekee linatosha kulipia.

Lakini isomwe kwa makini, maana makosa hutokea pale pale kila mara.

La kwanza ni jina. Daktari aliyehitimu kwa jina la ukoo wa baba na sasa anatumia la mume hatapatikana ukitafuta kwa jina la pasipoti pekee. Omba mapema jina lililo kwenye shahada, pamoja na mwaka wa kuhitimu, kabla ya kuagiza chochote.

La pili ni kubwa zaidi. Madaktari wengi wa DO hufanya mitihani ya ubingwa kwenye bodi za upande wa MD. Ripoti ya AOA inaweza kuonyesha sehemu ya ubingwa ikiwa tupu, na karani akaandika "si bingwa" kwenye faili ya mtu aliyefaulu vizuri kabisa kwingine. Kabla ya kufikia uamuzi huo, tafuta jina lake kwenye mtandao wa Certification Matters wa bodi za ABMS, yaani hizo za upande wa MD, ambao ni bure. Kinyume chake pia hutokea: cheti cha zamani kisicho na tarehe ya mwisho si cha kughushi, kwa kuwa vyeti vya enzi hizo vilitolewa bila ukomo, vya sasa ndivyo hudai kuhuishwa.

La tatu ni leseni. AOA haitoi leseni kwa mtu yeyote. Leseni ni ya jimbo, na majimbo hayafanani: California, kwa mfano, ina bodi moja ya madaktari wa MD na nyingine ya DO. Ukiandikia bodi ya kwanza kuhusu daktari wa DO utaambiwa hawamjui, na hofu itaingia bure. Njia nyepesi ni DocInfo, mtandao wa shirikisho la bodi za leseni za Marekani, FSMB. Ni bure, unaandika jina na jimbo, unaona leseni alizonazo na kama kuna bodi iliyowahi kumchukulia hatua. Ukiona hatua, nenda kwenye tovuti ya bodi ya jimbo husika usome uamuzi wenyewe, maana mara nyingine ni faini ya kuchelewa kuhuisha, na mara nyingine ni jambo la kumfungia mlango.

Kuhusu uanachama wenyewe: hauthibitishi kitu chochote juu ya ubora wa daktari. Zamani, aliyetaka kubaki na cheti cha ubingwa cha AOA alilazimika pia kuwa mwanachama na kulipa ada ya kila mwaka. Madaktari wenyewe walikipeleka chama mahakamani New Jersey mwaka 2016, na makubaliano ya mwaka 2018 yakaondoa sharti hilo. Tunaona hilo lilikuwa doa halisi kwa chama: kupima umahiri wa daktari ni jambo moja, kumtoza ada ni jingine, na kuyafunga pamoja kulifanya cheti kionekane kama risiti. Siku hizi daktari anaweza kuwa bingwa mzuri wa AOA bila kuwa mwanachama, na kadi ya uanachama pekee isikushawishi kumkabidhi mgonjwa.

Huku kwetu nani anafanya nini

Wakenya wengi huchanganya mashirika matatu, na mkanganyiko huo ndio unaofanya karatasi ya Chicago ionekane na nguvu isiyo nayo. KMPDC ni mdhibiti: husajili, hutoa leseni za kila mwaka, husikiliza malalamiko. KMA, kilichoanza mwaka 1968, ni chama cha kitaaluma: makongamano, maadili, sera, na jarida la East African Medical Journal. KMPDU ni chama cha wafanyakazi. Ndicho kilichoongoza mgomo wa siku 100 uliomalizika Machi 2017. AOA kwa sehemu kubwa hufanana na KMA, ila kimejaliwa mamlaka ambayo KMA haina: kukagua vyuo na kutoa vyeti vya ubingwa. Bado si mdhibiti.

Mfiziotherapia naye ana mdhibiti wake, Baraza la Fiziotherapi lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Tunalitaja kwa kuwa huku kwetu kazi kubwa ya kutibu mgongo kwa mikono iko kwa hawa, na wengi wao ni mahiri sana. Mgonjwa asidhani lazima atafute mgeni mwenye herufi za kigeni.

Daktari mgeni yeyote, DO au MD, anayelipwa au wa kujitolea, anahitaji idhini ya KMPDC kabla ya kumgusa mgonjwa. Kambi ya siku nne kanisani Muhoroni haimwondolei sharti hilo. Hospitali mwenyeji ndiyo inayopaswa kusukuma maombi, na hati inayochelewesha watu ni ile ya kuthibitisha kwamba leseni yake ya kwao ni safi na hana kesi ya nidhamu. Hati hiyo hutoka kwa bodi ya jimbo na kutumwa na bodi hiyo. Watu hupeleka ripoti ya AOA badala yake, maombi yanakwama, na kundi linatua uwanja wa ndege wa Kisumu kukiwa hakuna hata mmoja anayeruhusiwa kuandika dawa. Anza na bodi ya jimbo, kwa sababu ndiyo isiyo na haraka. Ripoti ya AOA hupatikana mtandaoni, kwa hiyo inaweza kusubiri.

Kuna kundi jingine ambalo AOA haiwahusu kabisa. Osteopathi aliyesomea Uingereza husajiliwa na General Osteopathic Council kwa sheria ya mwaka 1993. Amesoma miaka minne au mitano, anajua kazi ya mikono kwa undani pengine kuliko DO wengi wa Marekani, lakini si daktari wa kuandika dawa wala kupasua. Shirika la Afya Duniani, katika viwango vyake vya mwaka 2010, linataka anayeanza bila mafunzo yoyote ya afya asome saa 4,200, zikiwamo angalau 1,000 za kutibu wagonjwa chini ya msimamizi. Weka kiwango hicho kando ya cheti cha wikendi mbili kilichotundikwa ukutani kwenye chumba cha masaji, kisha muulize mwenye chumba saa zake ni ngapi. Swali hilo moja hutenganisha watu haraka.

Mikono yenyewe ikifika mgongoni

Mbona tunahangaika na karatasi hivi? Kwa sababu maumivu ya mgongo huku kwetu hayana chanzo kimoja. Mkata miwa wa Mumias, mwendesha bodaboda wa Nakuru, mama anayebeba ndoo ya maji: wengi wana misuli iliyochoka na kukaza, na tiba ya mikono pamoja na mazoezi huwasaidia. Miongozo ya AOA ya mwaka 2016 inaipendekeza tiba hiyo kwa maumivu ya chini ya mgongo. Waingereza, kupitia NICE, taasisi yao ya miongozo ya tiba, mwaka huo huo, ni waangalifu zaidi: itumike ikiwa sehemu ya mpango wenye mazoezi, si peke yake. Sisi tunasimama na Waingereza. Mgonjwa anayelazwa kitandani kila wiki bila kupewa zoezi la nyumbani anauziwa nafuu ya muda.

Kazi nzuri inaonekana hivi. Mgonjwa mwenye misuli iliyokaza nyuma ya paja analala chali. Daktari anainua mguu ulionyooka mpaka ahisi unagoma, hapo anasimama. Mgonjwa anasukuma kisigino kuelekea kitandani taratibu, kwa nguvu kidogo, sekunde tatu hadi tano, huku daktari akizuia mguu usishuke. Anaachia. Wanatulia kidogo, misuli ilegee kweli, kisha mguu unapandishwa hadi pale unapogoma upya. Hurudiwa mara tatu hadi tano. Wanaoharibu huharibu kwa mambo mawili: kumwambia mgonjwa asukume kwa nguvu zake zote, na kuruka ule utulivu wa katikati. Misuli hukaza zaidi na kesho yake mtu hawezi kuvaa kiatu.

Ule msukumo wa ghafla unaotoa mlio ni jambo tofauti. Mlio wenyewe hauonyeshi kwamba kitu kimerudi mahali pake. Na mbinu hiyo haifai kugusa mgongo ambao haujachunguzwa, hasa huku. Kifua kikuu cha uti wa mgongo hula pingili taratibu. Mgonjwa huja akilalamikia mgongo, na ukimsikiliza utasikia pia homa za jioni, jasho la usiku, nguo zinazopwaya, maumivu yasiyotulia hata akilala. Ukipitisha kidole katikati ya mgongo wake unaweza kukuta kinundu. Pingili kama hiyo ikisukumwa inaweza kuporomoka na kubana uti, na miguu ikapooza. Huyo anahitaji eksirei na kipimo cha kifua kikuu siku hiyo hiyo.

Ugonjwa wa selimundu nao ni wa kawaida ukanda wa ziwa. Kijana mwenye selimundu anayeumwa nyonga au mgongo anaweza kuwa na mfupa uliokosa damu au ulioingiwa na bakteria, salmonela mara nyingi. Hapo hakuna cha kunyoosha. Wala kwa mzee mwenye mifupa iliyopungua uimara, aliyewahi kutibiwa saratani, au mtu aliyeanza kuhisi ganzi katikati ya mapaja na kushindwa kuzuia mkojo. Huyu wa mwisho ni dharura ya kupelekwa hospitali ya rufaa, iwe Jaramogi Oginga Odinga kule Kisumu au Nakuru Level 5, bila kungoja asubuhi.

Daktari wa DO amefundishwa kuyaona haya kwa kuwa ni daktari kwanza. Hapo ndipo ithibati ya AOA ina thamani yake kubwa, na tunaisifu bila kusitasita. Tunapoilaumu ni kwenye tiba ya fuvu, ile ya kushika kichwa kwa upole eti kuongoza mwendo wa mifupa yake. Ushahidi wake ni dhaifu na bado inafundishwa vyuoni. Chama chenye nguvu ya kukagua vyuo kingeweza kuiondoa. Mzazi akiambiwa mtoto wake atatibiwa kifafa au maradhi ya sikio kwa njia hiyo, aendelee na dawa za hospitali.

Kwa mwanafunzi na kwa mwenye malalamiko

Mwanafunzi wa udaktari pale Maseno au Moi hana sababu ya kutafuta uanachama. Anachoweza kunufaika nacho ni jarida la chama, Journal of Osteopathic Medicine, ambalo tangu mwaka 2021 linachapishwa na De Gruyter na kusomwa bure mtandaoni. Makala zake za uchunguzi wa mgongo na nyonga ni nzuri; za fuvu azisome akiwa macho. Mkenya anayefikiria kwenda kusomea DO Marekani aangalie jambo moja kabla ya ada: chuo kiwe kwenye orodha ya COCA, na aulize KMPDC kwa maandishi masharti ya kusajiliwa atakaporudi, asitegemee maneno ya wakala.

Mgonjwa aliyeumizwa na daktari mgeni alalamike KMPDC, kwa maandishi, akitaja hospitali mwenyeji, tarehe, na jina kama lilivyoandikwa kwenye karatasi ya matibabu. Ndiyo maana nakala ya karatasi hiyo isiachwe kambini. Daktari akiwa ameshaondoka nchini, malalamiko hayo hayo yapelekwe pia kwa bodi ya jimbo lililompa leseni. Bodi nyingi zina fomu mtandaoni. AOA ina kanuni za maadili na inaweza kumfukuza mwanachama, lakini kumfukuza hakumnyang'anyi leseni, na kesho yake anaweza kuendelea kutibu. Malalamiko yaliyopelekwa Chicago peke yake hayamzuii.